Siku Viti Vilipogeuzwa

Wewe umewahi kusengenywa huku umekaa palepale, kikombe cha chai mkononi, na wanaokusengenya wanajua kabisa kwamba unawasikia? Mimi yamenikuta, tena uzeeni, na viatu vyangu vya kutokea nimevaa.

Ilikuwa ofisi ya washauri wa ndoa, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Chumba kidogo, kisafi. Viti vitano vya kitambaa cha kijivu, kimoja kimechakaa pale mkono unapopumzika, kwa kukwaruzwa na kucha za watu. Boksi la tishu mezani. Pazia halikupigwa pasi. Nguo za wageni wa hoteli nimezipiga pasi miaka ishirini na sita. Mikono imestaafu, macho bado.

Tulikuwa watatu: mimi, mwanangu ambaye ni fundi wa friji, na mkwe wangu, muuza vitambaa. Ndoa yao ilikuwa imebaki kwenye uzi mmoja. Sanduku la mkwe lilishafungwa, limesimama nyuma ya mlango wa chumbani. Alimwambia mumewe, "Kwa washauri nitakwenda mara tatu, kwa kuwa umeniomba. Baada ya hapo, niache niende zangu." Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Zile mbili walikwenda wenyewe. Hii washauri waliuliza kama mama naye angependa kuja, maana jina langu lilikuwa halikauki midomoni mwao.

Nikajua naitwa kutoa hukumu. Nikaiandaa tangu nyumbani: mwanamke amemnunia mwanangu miezi minane, sasa yatosha.

Kisa chenyewe ni mtoto. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa amekwisha kufa. Mama yake alipasuliwa, akalala siku mbili hajitambui vizuri. Mimi na mwanangu tukaamua asimwone, asije akaumia zaidi. Tukazika hajaamka sawasawa. Aliyemvisha ni mimi. Nesi alinipa dakika chache, nikazitumia zote kumtazama. Kisha nikarudi nyumbani, nikapiga marufuku mtu yeyote kumtaja. Nikadhani ndiyo huruma.

Basi, washauri walikuwa wawili, dada mwembamba mwenye miwani na kaka mnene mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Wakaniamkia vizuri.

"Mama, leo ungependa tuzungumze nini?" akauliza yule dada.

"Mimi? Si nyinyi ndio mliosomea?"

"Tulisomea ushauri. Nyumba yenu mmeisomea nyinyi. Tutachanganya."

Jibu lake likanipendeza, sikukubali tu kuonyesha. Akafungua daftari. Akasema kila atakachoandika atakisoma kwa sauti, na mwenye neno lake akiona halijakaa sawa, linafutwa. Maishani nimeandikwa mengi, hospitali, kazini, kwa balozi wa mtaa. Sikuwahi kuulizwa kama ni kweli.

Nikasimulia. Yeye akaandika, akasoma: "Familia iliamua mama asimwone mtoto, ili kumkinga."

"Ndivyo," nikasema.

"Ndivyo," akasema mwanangu, macho kwenye vidole vyake ambavyo mafuta ya mashine hayatoki hata avisugue na nini.

Mkwe alitazama ukuta.

Ndipo wale wawili wakainuka, wakageuza viti vyao, wakakaa wanatazamana, sisi tumewekwa kando. "Sasa tutaongea sisi kwa sisi," akasema yule kaka. "Nyinyi sikilizeni tu. Baadaye mtatuambia tumekosea wapi."

Wakaanza. Fundi hivi, mama hivi, mke hivi! Nikamwinamia mwanangu. "Hawa mbona wanatusengenya?"

"Mama, nyamaza."

"Wa mtaani kwetu wana adabu. Wanasubiri upite kwanza."

Mkwe akatoa pumzi puani. Miezi minane sikuwa nimesikia hata hicho kicheko nusu.

Yule kaka akawa anamwambia mwenzake, "Mimi nahisi huyu mke ana hasira kwa sababu mumewe hakulia."

"Huenda," dada akasema. "Mimi kuna kitu kinanisumbua. Kila mtu hapa ametueleza alitaka kumwepusha na nini. Yeye mwenyewe siku ile alitaka nini? Sijasikia. Sijui kama kuna mtu aliyemuuliza."

"Na sisi vikao viwili vyote hatukumuuliza."

"Hatukumuuliza."

Chai ikanipoa mkononi. Nikaitafuta ile hukumu yangu niliyotoka nayo nyumbani, sikuiona. Nikaanza kuhesabu watu waliokuwa pale hospitali siku ile, shangazi, majirani, nesi, mimi. Nani aliinama kitandani akauliza? Hakuna.

Wakarudisha viti. "Haya," akasema dada, peni mkononi, baada ya kutusomea waliyosema, maana nayo ameyaandika. "Tumekosea wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibie mkwe, kama kawaida yangu. Nikaufunga.

"Kulia mume wangu amelia," mkwe akasema polepole. "Alikuwa anafungulia maji bafuni ili nisisikie. Nilikuwa nasikia. Hapo futeni."

Peni ikapita. Mwanangu akashika uso kwa mikono yote miwili.

"Na hapo kwenye familia iliamua. Mimi nitoeni. Sikuwepo. Nilikuwa na dripu mkononi."

Peni ikapita tena. Niliisikia karatasi.

"Nilidhani unaondoka kwa kuwa umenichoka," mwanangu akasema ndani ya viganja vyake.

"Naondoka kwa sababu nyumba nzima inajifanya hakuna aliyezaliwa. Nilikata kitambaa cha njano dukani, laini, nikakishona pindo kwa mkono. Nimekitafuta kwenye kabati zote. Nikaona aibu kuuliza, nitaambiwa nachimbua mambo."

"Anacho mtoto," nikasema. Sauti yangu sikuijua. "Nilimfunika nacho. Nilikipiga pasi kwanza."

Akanigeukia. Tangu siku ile alikuwa akiniamkia huku anatazama ukuta. Sasa akanitazama usoni. Yule kaka alisogeza tu lile boksi la tishu, likafika katikati yetu, halikuguswa.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia mkwe.

"Sijui, mama. Na lile sanduku msiniulize leo." Akatutazama mimi na mumewe. "Wote mlikuwa mnaniambia nitapata mwingine, nimshukuru Mungu nimepona. Mnasema, mnatoka, mnafunga mlango taratibu."

"Ulitaka nini?" mwanangu akamuuliza. Maneno mawili, miezi minane.

Mkwe akamtazama, kisha akanigeukia mimi. Nami nikamwona mjukuu wangu kama nimempakata sasa hivi: nywele nyingi zimelala upande mmoja kama zimechanwa, kucha ndefu, sikio la kushoto limejikunja juu kama pembe ya ukurasa. Nilikuwa nimemfungia mtu mali yake mwenyewe.

"Nilitaka kumwona," akasema. "Basi. Hata dakika moja, nimwone nilizaa nani. Mama, wewe ulimwona. Niambie alivyokuwa. Usiruke kitu. Anzia kichwani."