Tundu la Nyuma ya Rafu ya Mbao

Mwenye nyumba alikuja na vibarua wawili, kila mmoja na ufagio wake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana na ndoo ya maji ya dawa, na sikuwa na nia ya kumpisha mtu.

"Shemeji, toka hapo," akasema. "Tunafagia, tunafunga. Mumeo ameniletea ugonjwa nyumbani."

Shemeji! Undugu umemjia leo, siku ya kunitoa nje.

Mume wangu ni seremala, mimi ndiye napaka vanishi. Alikuwa amelazwa, homa juu, figo zimegoma. Daktari alisema ni virusi vya panya. Vinatoka kwenye mkojo na kinyesi chao, vikikauka vinapanda na vumbi, na mtu anavivuta bila habari. Akauliza kama tunafuga panya. Nikamjibu ndiyo, tunao wawili weupe, wanakaa kizimbani chini ya meza ya kazi. Mume wangu aliwaita Wapangaji, kwa kuwa walikula, wakalala, na hawakumsikiliza mtu.

Yeye hatupi kitu. Maranda yaliyojikusanya nyuma ya rafu ya mbao aliyazoa kwa mikono mitupu, akawatandikia. Kumbe hapo hapo ndipo panya wa mtaani walipojifanyia kitanda, wakipitia tundu la ukutani kutoka stoo ya mwenye nyumba. Afisa mifugo aliyetumwa na hospitali alitega mitego, akapima wa mtaani na weupe pia. Wote walikuwa na virusi hivyo. Tandiko la wale lilikuwa limewaambukiza hawa, na hawa walilala mifukoni mwa mume wangu.

"Tundu lile tumekuonyesha mpaka tumechoka," nikamwambia mwenye nyumba. "Ukajitia hamnazo."

"Panya wako kila nyumba. Hao weupe nani aliwaleta?"

"Sisi. Na hao wengine wanalala kwako."

Akawaashiria vibarua waingie. Nikaweka mguu kizingitini.

"Jamani, mmeambiwa mnafagia nini humu? Mkifagia pakavu, vumbi hilo mtaondoka nalo kifuani. Mgonjwa wangu yuko wodini, nendeni mkamwone kwanza."

Wakatazamana. Mmoja akauegemeza ufagio ukutani taratibu, kama mtu aliyekumbuka safari.

"Bosi, hilo hukutuambia."

Mwenye nyumba akaunyakua ule ufagio, akanijia mwenyewe. Hasira zikanipanda. Nikamwaga ndoo nzima juu ya ufagio, na viatu vyake vikapata mgao wao.

"Haya, sasa si mkavu. Karibu."

"Nakufukuza!" akafoka, akikung'uta mguu.

"Utatufukuza mume wangu akiwa amesimama, unamtazama usoni. Mpaka siku hiyo ufunguo ninao mimi."

Aliondoka huku viatu vikilia maji. Vibarua walimfuata, na nadhani walikuwa wanacheka. Niliogopa, sitaki kusema uongo, lakini karakana ile ndicho kitu pekee ambacho mume wangu angekirudia.

Nikajaza ndoo tena. Nikavaa glavu na barakoa aliyoniachia afisa mifugo, nikafungua madirisha, nikalowesha kila kona, nikasubiri dawa ifanye kazi, ndipo nikafuta kwa matambara. Mwisho nikakoroga simenti.

Hospitalini nilimkuta macho yamefunguka, uso umevimba.

"Wapangaji je?"

Sikumzungusha. Nikamwambia afisa mifugo amewachoma sindano, wamekufa. Akageukia ukutani akalia. Nikamwacha alie, maana hata mimi nilikuwa nimewazoea.

Baadaye akauliza, bado amenipa mgongo, "Na sisi? Ametufukuza?"

Nikamgeuza, nikamwekea vidole vyangu mbele ya macho. Simenti ilikuwa imekaukia kwenye kucha.

"Nimeliziba tundu," nikamwambia. "Ningekuwa nahama, ningeliziba?"