Gongo Refu la Helka

Ensio aliporudi kwao Kajaani kufundisha watoto hoki ya barafuni, baada ya miaka kumi na minne ya kuichezea timu kubwa, goti bovu halikumsumbua sana. Kilichomuuma ni Helka, binti wa miaka kumi na mbili, aliyegeuka juu ya barafu bila kujikaza, kwa namna ambayo yeye aliitafuta ujana wake wote.

Tangu siku ya kwanza aliona gongo la Helka la kuchezea lilikuwa refu mno, lilimfika machoni badala ya kidevuni. Likipunguzwa, hakuna atakayemweza. Akanyamaza wiki tatu.

"Kocha, hili gongo si refu?" Helka akamuuliza. "La kaka hili. Linanichoma tumbo."

"Utarefuka. Cheza."

Akacheza, akafunga mabao manne.

"Umemnoa huyu, kocha," mama mmoja akamwambia Ensio.

Sifa ile hakuistahili, naye alijua. Akaenda stoo, akarudi na msumeno.

"Lete hapa," akamwambia Helka bila kumtazama. "Na kesho tukicheza, usinipite mbele ya watu."

"Nitajitahidi, kocha."