Moma Anayeitwa Jamleck

Lynn, mgeni kwenye shamba letu la maua hapa Naivasha, alishangaa tulipoua nyoka, moma mnene, na wanawake wakashangilia, "Jamleck amekufa!"

"Jamleck si ni supavaiza?" akaniuliza.

Nikamweleza. Mwaka jana moma alimuuma mwenzetu Jerotich tukikata waridi. Jamleck aliutazama ule mguu ukivimba, kisha akapakia maua kwenye pikapu, eti yataharibika. Jerotich akaachwa chini hadi gari lirudi. Mguu ulioza, ukanuka usaha, ukakatwa. Tangu hapo kila moma tunamwita Jamleck. Na bado hutusalimia akitabasamu, mtu huyo! Nikimwona natamani kutapika.

Lynn alimwangalia nyoka aliyekufa.

"Maskini," akasema. "Alikosea nini hadi mkampa jina hilo?"