Kambare wa Nyabarongo

Mwaka 1974 lori lililoleta samaki mtaani Nyamirambo lilianza kuchelewa, na likifika, samaki wananuka. Swafiya, aliyekuwa akikaanga samaki mbele ya nyumba yake, aliwatupia paka. Mumewe Rutayisire, fundi cherehani, akajigamba kwa wateja wake.

"Kambare iko tele Nyabarongo. Mke wangu hatakosa samaki tena."

Kila Jumapili akateremka mtoni na mshipi wake. Kiangazi kizima maji yalikuwa haba, samaki wamejificha vilindini. Vuli ilipoanza, mto ukajaa tope, ndoana zikanasa kwenye mafunjo. Akalaumu mvua, akalaumu nyungunyungu wa chambo chake, akamlaumu Swafiya kwa kumletea mkosi kwa kumwaga maji mlangoni. Swafiya akakaanga mihogo, na wateja wakamcheka: "Mama Mwamini, leo samaki ina mizizi?"

Masika yakamkuta amechoka kusubiri.

"Baba Mwamini, leo tunakwenda sote."

"Uvuvi si kazi ya mwanamke."

"Hata yako bado haijawa."

Walikuta mto umefurika hadi kwenye mashamba ya viazi vitamu. Rutayisire akatupa mshipi katikati ya mkondo, kama kawaida yake. Swafiya akaona majani yakitikisika pale maji yalipofika gotini tu. Akachomeka utumbo wa kuku kwenye ndoana ya akiba, akaitupa hapo. Mshipi ukakazika, ukamchana kiganja.

"Legeza! Legeza!" Rutayisire alipiga kelele.

Hakulegeza. Alivuta mpaka akaanguka matopeni, akamlalia kambare kwa kifua chake.

Rutayisire ndiye aliyembeba samaki kupanda mlima, maana mkono wa mkewe ulikuwa ukivuja damu. Gasana, muuza sabuni, akatoka dukani.

"Fundi! Hatimaye!"

"Subira tu, ndugu yangu," Rutayisire akajibu huku akicheka.

Swafiya akangoja aongeze neno. Hakuongeza. Karibu na msikiti wanaume wengine wakampa Rutayisire mkono wa pongezi, naye akaupokea kila mkono. Swafiya alimfuata nyuma, ameuzungushia mkono wake kitambaa.

Jioni watu wakajaa mbele ya kikaango. "Una bahati, umeolewa na mvuvi," akasema jirani yao Nyiraneza.

Swafiya akaweka mwiko chini. "Muulize alimpata kwa chambo gani."

Wote wakamgeukia Rutayisire. "Nyungunyungu," akasema.

Swafiya akafungua kitambaa, akanyoosha kiganja mbele yao wote. Rutayisire alitazama mafuta yakichemka, kisha akatazama viatu vyake.

"Ni yeye," akasema kwa sauti ndogo. Gasana alicheka mpaka akakohoa. Rutayisire akaingia ndani, hakula.

Jumapili iliyofuata Swafiya alishuka mtoni na Nyiraneza. Hawakupata kitu. Walilowa chapachapa, ndoana mbili zikakatika, na njiani Swafiya akaapa hataukanyaga mto ule tena.

Wiki iliyofuata akaenda.