Mama Taratibu na Kurasa Zangu Tisa

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea utamaduni, dini na anthropolojia, mhadhiri wetu alitupa kazi ya muhula mzima: tafuta mahali ambapo watu wa imani tofauti wanakutana, kaa hapo wiki sita, andika. "Wanachosema mtakikuta vitabuni," alituambia. "Mimi nataka wanachofanya."

Wenzangu wengi walikimbilia sokoni. Mimi nilikwenda mochwari ya hospitali, kwa kuwa mama yangu mdogo alikuwa mhudumu pale kwa mwaka wa kumi na tisa. Hospitali nzima ilimwita Mama Taratibu. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi, na sijawahi kumwona akiharakisha jambo lolote. Maiti aliwaita wageni wake.

"Shikamoo, mama mdogo. Nimekuja kujifunza."

"Marahaba, profesa. Ukizimia, zimia upande wa mlango. Huku nina kazi."

Sikuzimia. Nilipewa nafasi kwenye chumba cha kusubiri, chenye mabenchi mawili na dirisha dogo la kupokelea fomu, na mlango wa ndani ukiwa wazi nilimwona akifanya kazi. Kabla ya kuwaita ndugu, alisogeza kitanda cha magurudumu kidogo kando, ili wapate pa kusimama bila kubanana na ukuta. Alijua nani ataomba maji na nani atataka kuimba. Hakumuuliza mtu dini yake. Aliuliza tu, "Mnapenda alale vipi?" Nao wakamwonyesha. Nilikuwa nimesoma vitabu vizima juu ya dini na mazishi, na sikukumbuka hata kimoja kilichouliza kwa upole namna ile.

Wiki ya tano aliletwa fundi seremala aliyefia wodini. Asubuhi iliyofuata ndugu zake watatu walifika na kofia zao, wakitaka wakamwoshe na kumzika Kiislamu. Nusu saa baadaye akaingia mjane na wanakwaya wenzake wa kanisani, jeneza likiwa limeshapakiwa kwenye gari. Marehemu alilelewa Kiislamu, akabatizwa alipooa, na sasa kila upande ulisema ni wa kwao. Sauti zikapanda. Kaka mkubwa alipiga kiganja kwenye dirisha la fomu. Mimi nilikuwa pembeni, kalamu inakimbia, moyo unadunda kwa furaha ambayo leo naionea aibu.

Mama mdogo alitoka akifuta mikono.

"Nani amekuja na nguo zake?" aliuliza.

Walitazamana. Hakuna aliyekuja nazo, isipokuwa binti wa marehemu, fundi cherehani, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na mfuko mapajani. Hakuna aliyekuwa amemsemesha tangu wafike. Akatoa shati na suruali, vimepigwa pasi.

"Huyu anajua hata saizi yake," mama mdogo alisema. "Nitaanza kumsikiliza yeye. Wengine kaeni, wazee wangu, miguu ipumzike."

Wakakaa, wote kwenye mabenchi yale yale, kofia na wanakwaya bega kwa bega. Binti akasema polepole kwamba baba yake aliomba azikwe na ndugu zake. Kwamba kila Jumapili alimsindikiza mama hadi mlango wa kanisa, kisha akakaa garini kusoma gazeti hadi ibada iishe, na hilo alilifanya kwa mapenzi. Kisha akamgeukia mama yake. "Na wewe alikwambia, mama."

Mjane alilichukua lile shati, akalikunja upya.

"Aliniambia," alisema mwishowe. "Sikutaka kusikia."

Kaka mkubwa akavua kofia, akaishika mikononi. "Shemeji, wewe na kwaya yako njooni nyumbani jioni," alisema. "Mumwimbie. Hakuna atakayewazuia."

Walipoondoka nilikuwa na kurasa tisa, nami nilijua ndizo nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Mama mdogo alinyoosha mkono, nikampa daftari. Alizisoma zote akiwa amesimama.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini wale walikuja kumchukua mtu wao. Uliwaambia unaandika?"

"Sikuwaambia."

"Basi hizi bado si zako."

Hakuzichana wala hakunigombeza. Alinirudishia daftari, akaenda kubadilisha shuka. Angenifokea ningepata pa kujitetea.

Siku ya kukabidhi kazi ilipita, nami sikukabidhi. Siku tatu baadaye nilikwenda kwenye kibanda cha yule binti, nikamweleza kila kitu, nikaweka kurasa mbele yake. Alisoma huku pini mbili zikiwa midomoni. Nilihesabu vifungo kwenye kopo lake ili nisimtazame.

"Umekosea," alisema alipozitoa pini. "Shati lilikuwa la mistari, si jeupe. Na umemwandika mama kama mtu mbaya."

"Nitarekebisha."

"Rekebisha. Kisha muulize na yeye, na baba zangu wadogo na wakubwa. Mimi nimekubali kwa upande wangu tu."

Ilinichukua wiki mbili. Mjane alikubali baada ya kunitaka nimsomee kwa sauti mara mbili. Kaka mkubwa alikataa kabisa habari ya kiganja na dirisha iandikwe, na katika ile ripoti haikuandikwa. Aliniruhusu kuisema miaka mingi baadaye, akicheka. Kwa kuchelewa nilikatwa alama kumi. Mhadhiri aliniita ofisini, ripoti ikiwa mezani kwake, akauliza ni kitabu gani kilichonifundisha kurudi kwa watu kuomba ruhusa, maana darasani tulikuwa hatujafika huko. Nikamwambia ni mama yangu mdogo, na mahali anapofanya kazi.

Jumatatu iliyofuata mhadhiri alikwenda mwenyewe kumsalimia. Alimkuta anapiga deki. Mama mdogo alimwomba asubiri sakafu ikauke, naye akasubiri nje, viatu mkononi, karibu robo saa, bila kutazama saa yake.