Swali Ambalo Dévote Hakutaka Kuliuliza

Majira yale ya baridi ya mwaka 2016, kila Jumanne jioni, Dévote alitoka kwenye ghala alikofungasha mboga, akapanda treni hadi Lidcombe, mtaa mmoja wa jiji lile la ugenini. Huko yeye na wanawake kumi walifundishwa kuwasikiliza watu waliolemewa moyoni. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na aliandika kila neno, isipokuwa siku ile Mwalimu Kawira, muuguzi kutoka Meru, aliposema kwamba mtu akionekana amechoka na uhai, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua.

Dévote aliweka kalamu chini. Kwao Bukavu jambo hilo halitajwi. Kulitaja ni kuliita.

"Mwalimu, mimi nitamwombea tu."

"Mwombee, mama. Halafu muulize."

Aline, aliyeketi karibu naye, akanong'ona kwamba kwa maombi ya Mama Dévote, mgonjwa atakuwa amesinzia kabla ya swali.

Jumamosi asubuhi alikwenda mtaa wa Mount Druitt kumwona Léonie, mama Gloire, ambaye kanisani hakuonekana tangu Pasaka. Léonie alimkaribisha kwa sauti ndogo. Sebuleni sufuria zake nzuri zilikuwa zimepangwa ndani ya boksi, na juu yake limeandikwa jina la jirani. Dévote alipouliza, Léonie alijibu kwamba hana kazi nazo tena.

Dévote akakumbuka. Darasani walikuwa wameonywa kuhusu mtu anayeanza kugawa vitu vyake. Akafumba macho akaomba. Aliwaombea watoto, wajane, wasafiri na serikali, na katikati ya maombi akatambua kwamba amejificha nyuma ya jina la Bwana. Akasema amina. Kisha, kwa ulimi mzito kama jiwe, akauliza.

"Mama Gloire, unafikiria kujiua?"

Alingoja kufukuzwa. Friji ilinguruma jikoni. Léonie akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya miaka mingi.

"Ndiyo," alisema. "Tangu mwezi wa tano. Watu wanakuja, wanasema Mungu atafanya, wanakunywa chai, wanaenda. Hakuna aliyeniuliza."

Ndipo akasema yote, saa nzima, na Dévote hakumkatiza. Alihisi yuko mahali patakatifu. Lile neno aliloliogopa halikuleta mauti. Lilifungua mlango ambao maombi yake marefu yalikuwa yakipita nje yake.

Kisha akafanya kama alivyofundishwa. Akamwomba Léonie wampigie Mwalimu Kawira pamoja, naye Kawira akasema waende hospitali sasa hivi, na Léonie asiachwe peke yake.

"Utanipeleka wewe?" Léonie aliuliza.

"Twende wote. Nitakaa nawe."

Léonie akaingia chumbani, akaacha mlango wazi. Dévote alisimama kizingitini. Léonie akageuka na kuuliza kama nje kuna baridi sana, achukue koti.

Aliyegawa sufuria zake sasa alikuwa akiulizia koti.

"Ipo, mama," Dévote alisema. "Chukua lile zito."