Mkono wa Gia na Mguu wa Cherehani

Mzee Gia aliendesha lori la saruji tangu hajaota ndevu mpaka zikaota zikawa nyeupe, na kitu pekee alichokiamini kuliko mke wake ni sikio lake. Hakubadili gia kwa kutazama mshale hata siku moja. Aliisikiliza injini, ikiguna, anapandisha gia, safari inaendelea. Alipostaafu, watoto wakawanunulia wazazi wao gari dogo la otomatiki, ila pembeni ya D kulikuwa na M, nafasi ya dereva kujichagulia gia mwenyewe. Mzee Gia alipoiona alifurahi kama mtu aliyerudishwa kazini.

"D ni ya wavivu," alimwambia mkewe. "Gari likijichagulia gia, linabugia mafuta ovyo."

"Baba watoto, sema tu mikono inakuwasha," akajibu mkewe, fundi cherehani aliyejifunza kuendesha ukubwani na ambaye D ilimtosha kabisa.

Basi binti yao akajifungua, mjukuu wao wa kwanza. Nani ataendesha kwenda kumwona? Hapo pakawa hapatoshi. Mwishowe wakakubaliana kushindana: tangi lijazwe mpaka pomoni, kila mmoja aendeshe hadi mji wa jirani na kurudi, mwenzake akiwa ndani ili uzito uwe uleule, kisha tangi lijazwe tena. Atakayetumia mafuta kidogo ndiye dereva wa safari ya mjukuu. Mwenzake atakaa pembeni, mdomo kaufunga, hana ruhusa ya kufundisha. Mzee Gia alikubali huku akicheka, lakini moyoni hakucheka. Asipompeleka bibi kwa mjukuu kwa mikono yake, yeye ni dereva wa nini tena?

Mkewe alianza. Alikanyaga mafuta kama anavyokanyaga cherehani akishona kitambaa chepesi, kidogo kidogo, bila pupa. Mzee Gia alipiga miayo ya makusudi njia nzima.

Ilipofika zamu yake, aliisogeza gia kwenye M na kuanza kuimba. Raha iliyoje! Gia ya pili, ya tatu, halafu akategea sikio mguno. Mguno hauji. Akaongeza mafuta. Hauji. Mshale wa injini ulipanda juu, gari likapiga kelele nyembamba mpaka watu wakageuka, naye bado anasubiri ile sauti nzito anayoijua. Mkewe alitazama dirishani, akijing'ata mdomo asicheke.

Kwenye pampu, namba zikaifikia ile ya mkewe, zikaipita, zikaendelea na safari.

"Dada, hiyo pampu yako ni nzima kweli?" akauliza Mzee Gia.

"Mzee, pampu haina ushabiki," akajibu dada wa pampu, na wote watatu wakaangua kicheko.

"Ulikuwa unasubiri lori likuite," mkewe akamwambia wakirudi nyumbani. "Hiki kigari hakiguni, mume wangu. Gia ya tatu umeishikilia kama unaidai deni."

Alijua ni kweli. M haikuwa na kosa; angepandisha gia mapema, angeweza hata kushinda. Sikio lake ndilo lililomponza, na hilo lilimuuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Siku ya safari alikaa pembeni, mikono mapajani, haijui pa kwenda. Mkewe aliendesha vizuri mpaka walipofika kwenye mteremko mrefu unaoshukia kwa binti yao. Akashika breki, akazing'ang'ania. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mzee Gia akakohoa. Akakohoa tena.

"Haya, sema," mkewe akasema, macho yamemtoka.

"Nimekatazwa."

"Nimekuruhusu, baba watoto! Sema upesi!"

"Sogeza kwenye M. Shusha gia moja. Bado linakimbia? Shusha nyingine. Sasa inua mguu, iache injini ilizuie gari."

Gari likanguruma, likatulia, likashuka polepole kama linaogopa kumwamsha mtoto.

"Kumbe!" mkewe akashangaa.

"Na hapa mafuta halilambi hata tone," Mzee Gia akaongeza, maana hakuweza kujizuia.

Binti yao aliwapokea mlangoni, kichanga mikononi. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza anashuka upande wa usukani, funguo mkononi.

"Heee, mama! Njia yote hiyo umeendesha wewe?"

"Tambarare nimeendesha mimi," mama akasema, akimpokea mjukuu na kumweka mikononi mwa babu yake. "Mteremko kaendesha baba yako."

Binti akawatazama kwa zamu, hakuelewa. Mzee Gia akamkumbatia mjukuu; mikono yake sasa ilijua pa kwenda.